Uliza Ujibiwe: Gujarat, viti 26 na ile kura ambayo Surat hawakupiga

Wasomaji salaam. Tangu tuguse uchaguzi wa bunge la India wa 2024 kwenye safu hii, meseji zimejaa, na nikizipanga naona karibu zote zinaangukia sehemu moja, Gujarat. Sishangai. Wenye maduka ya vitambaa mzigo wenu unatoka huko, majirani zenu wa Mombasa na Zanzibar mababu zao walipanda jahazi kutoka Kutch na Porbandar, na waziri mkuu mwenyewe Narendra Modi kwao ni huko. Kwa hiyo India nzima leo tunaiacha pembeni, tunabaki na jimbo moja. Na ili tusichanganyane, nikisema jimbo namaanisha Gujarat yenyewe, sehemu inayotoa mbunge mmoja nitaiita kiti. Bunge la India lile la kuchaguliwa na wananchi wanaliita Lok Sabha, lina viti 543, Gujarat wana 26. Kura za nchi nzima zilipigwa kwa awamu saba, kuanzia 19 Aprili mpaka 1 Juni 2024, Gujarat wakawekwa awamu ya tatu, tarehe 7 Mei, jimbo zima siku moja, na matokeo ya nchi yote yakatoka 4 Juni. Haya twende.

Shikamoo mzee wa safu. Mimi mzigo wangu naagiza Surat. Mwaka ule wa uchaguzi nikamuuliza jamaa yangu wa kule umempa nani kura, akacheka, akaniambia sisi huku hatukupiga, mbunge wetu alipatikana mapema. Nikajua ananizingua tu. Hii imekaaje? (Muuza vitambaa, Kariakoo)

Marahaba. Hakukuzingua hata kidogo, na hii ndiyo stori ninayoipenda kuliko zote za uchaguzi ule, ngoja nikupe yote.

Surat ni mji wa vitambaa na wa kusafisha almasi, unaujua wewe kuliko mimi. Kiti chake BJP, chama cha Modi, wamekishika mfululizo tangu 1989, na 2019 walishinda pale kwa tofauti ya zaidi ya kura laki tano. Yaani ni ngome. Mwaka 2024 BJP wakamsimamisha Mukesh Dalal, Congress, chama kikuu cha upinzani, wakamsimamisha Nilesh Kumbhani. Sasa sheria ya kule ni kwamba fomu ya mgombea lazima iwe na wadhamini, na Kumbhani wadhamini wake hakuwatoa mbali: shemeji yake, mpwa wake na mshirika wake wa biashara. Watu wa ndani kabisa. Siku ya kukagua fomu, BJP wakaweka pingamizi wakisema sahihi zile zina mashaka, na mara wadhamini wenyewe, wale wale shemeji na mpwa na mshirika, wakawa wameshaapa kwa maandishi mbele ya msimamizi wa uchaguzi kwamba sahihi si zao. Kumbhani akaambiwa awalete waje waseme ana kwa ana. Hakuwaleta. Tarehe 21 Aprili fomu yake ikatupwa. Congress walikuwa wameandaa na mgombea wa akiba, kwa ajili ya ajali kama hizi hizi, na yeye fomu yake ikatupwa kwa ugonjwa ule ule wa sahihi.

Bado walikuwepo wagombea wengine wanane, wa kujitegemea na wa vyama vidogo, pamoja na mmoja wa BSP ambacho ni chama kinachojulikana nchi nzima. Tarehe 22 Aprili ilikuwa mwisho wa kujitoa, na siku hiyo hiyo wote wanane wakawa wameshajitoa. Wote! Dalal akabaki peke yake, akapewa cheti chake cha ushindi, na BJP wakahesabu kiti cha kwanza cha uchaguzi ule kabla Gujarat haijapiga kura hata moja. Tarehe 7 Mei majirani zao wa viti vingine wanapanga foleni, watu wa Surat wako kazini.

Sheria yenyewe ni ya 1951 na inasema wazi kwamba wagombea wakiwa sawa na viti vilivyopo basi msimamizi anatangaza mshindi, hakuna kura. Wengine mtauliza, si India wana kile kitufe cha "simtaki yeyote" kwenye mashine? Wanacho, tangu 2013 kipo, lakini kinafanya kazi pale ambapo kuna kura. Surat hakukuwa na mashine wala kituo, kwa hiyo hata aliyetaka kusema simtaki hakuwa na pa kusemea. Sisi Tanzania "kupita bila kupingwa" hakuhitaji maelezo, 2020 tulikuona sana, ila sheria yetu ya 2024 imebadilisha, mgombea akibaki peke yake bado anapigiwa kura ya ndiyo au hapana. Binafsi naona kwa hili tumewazidi hao jamaa wenye demokrasia kubwa kuliko zote duniani.

Na Kumbhani je? Akapotea. Simu haipatikani, nyumba imefungwa, wafuasi wa Congress wakaenda kubandika mabango ya msaliti kwake, chama kikamsimamisha miaka sita. Wiki kadhaa baadaye akaibuka akasema Congress ndio walioanza kumsaliti yeye zamani. Congress wao wanasema kulikuwa na mchezo wa BJP, BJP wanasema nyie mmeshindwa kujaza fomu msitutafute sisi. Mimi nakuachia wewe uamue, ila kaka, mpwa wako na shemeji yako wote wakatae sahihi zao siku moja? Mmh.

Habari ya kazi. Tumebishana hosteli mpaka usiku. Mimi nasema Gujarat wote ni BJP maana walichukua 25 kati ya 26, mwenzangu anasema kuna watu mamilioni pale hawaitaki BJP kabisa. Nani yuko sawa? Na hicho kiti kimoja kiliponyokaje? (Mwanafunzi, Nairobi)

Salama kabisa. Mwenzako yuko sawa, mlipe hiyo soda.

BJP Gujarat 2024 walipata karibu asilimia 62 ya kura, Congress kama asilimia 31. Gujarat ina wapiga kura walioandikishwa karibu milioni 50, zaidi ya mara mbili ya daftari lenu zima la Kenya la 2022, na waliojitokeza ni kama asilimia 60. Sasa fanya hesabu mwenyewe, asilimia 31 hapo ni mamilioni ya watu, na wote kwa pamoja wamepata mbunge mmoja. Tatizo ni mfumo, India wanatumia ule ule wa kwetu wa anayeongoza anabeba kiti, hata akiongoza kwa kura moja, na wapinzani wa Gujarat wametawanyika kila mahali kidogo kidogo, hawajajazana sehemu moja. Ukiwa wa pili kila mahali unarudi nyumbani mikono mitupu.

Na haikuwa hivi zamani. 2004 BJP walipata 14, Congress 12. 2009 ikawa 15 kwa 11, tofauti ya kura kati yao ilikuwa kama asilimia tatu tu. Kilichobadilika ni 2014, Modi aliyekuwa ametawala Gujarat tangu 2001 kama waziri kiongozi wa jimbo sasa anautaka uwaziri mkuu wa nchi, na Wagujarati wakaona huyu ni wetu, wakampa vyote 26. 2019 tena 26. Kwa hiyo 2024 BJP wakienda kutafuta 26 ya tatu mfululizo, na tayari Surat iko mfukoni, wengi tuliona imeisha hiyo.

Ikawaponyoka Banaskantha. Hii ni kaskazini kabisa ya jimbo, inapakana na Rajasthan, nchi kavu ya wafugaji na wakulima wa viazi, na kila kitu pale kinazunguka maziwa. Kuna ushirika wa maziwa unaitwa Banas Dairy, mkubwa mno, wanakijiji wanapeleka maziwa asubuhi na jioni na hela inaingia, kwa hiyo anayeushika ushirika ana mkono ndani ya kila nyumba. BJP wakamsimamisha Rekhaben Chaudhary, mhadhiri, mjukuu wa mzee aliyeuanzisha huo ushirika. Unaona walivyopiga hesabu? Congress wakamleta Geniben Thakor, aliyekuwa mbunge wa bunge la jimbo kutoka Vav, mwanamke wa kijijini anayeongea kama watu wa kijijini, na ambaye 2017 alishamwangusha huko huko Vav kigogo wa BJP Shankar Chaudhary, ambaye ndiye mwenyekiti wa Banas Dairy. Kwa hiyo ugomvi ulikuwa na historia.

Congress hela hawana, akaunti za chama ziliwahi kuzuiwa mwaka ule kwa ishu ya kodi, basi Geniben akapita vijijini anaomba kura pamoja na noti. Mtu anatoa alichonacho, rupia kumi, mia, elfu. Mimi hapo ndipo naona alishinda, maana mtu akishakupa hela yake hata kama ni kidogo, siku ya kura hawezi kukaa nyumbani, ameshawekeza. Wakamwita Geniben dada wa Banas, na kule "ben" kwenye majina ya wanawake ndiyo hiyo hiyo dada, hivyo lilikaa mdomoni vizuri. Modi mwenyewe akaja Deesa tarehe 1 Mei kufanya mkutano, akawaambia wafugaji kwamba ukiwa na nyati wawili Congress wakiingia watakuchukulia mmoja. Haikusaidia. Geniben kura 671,883, Rekhaben 641,477. Tofauti elfu thelathini na kidogo, kwenye jimbo ambalo Amit Shah, yule mkono wa kulia wa Modi, alishinda Gandhinagar kwa zaidi ya laki saba, na C. R. Patil, wa BJP pia, huko Navsari kwa zaidi ya laki saba na nusu.

Kwa hiyo usiangalie 25 kwa 1 ukadhani ni kitu kimoja. Kila kiti kule kina ndani yake viti saba vya bunge la jimbo, kina kabila zake, kina ushirika wake, kina watu waliogombana. Ukitaka kuielewa Gujarat iangalie pale ilipokwama. Na ili usimfanye Geniben malaika, alipohamia Delhi kile kiti chake cha Vav kikaitishwa uchaguzi mdogo Novemba 2024, BJP wakakichukua kwa kama kura 2,400 tu, kilichowapunguzia kura ni mtu wao wenyewe aliyenuna akagombea binafsi.

Assalaam alaykum. Hapa kwetu tuna majirani Waislamu wa asili ya Gujarat, Mabohora na Makhoja. Je huko kwao wana wabunge? Sijawahi kusikia jina. (Bi Mkubwa wa Mkunazini, Zanzibar)

Wa alaykum salaam Bi Mkubwa. Hujasikia kwa sababu hawapo.

Waislamu Gujarat ni karibu asilimia 10 kwa sensa ya 2011. Mbunge wa mwisho Muislamu wa Lok Sabha kutoka jimbo lile alikuwa Ahmed Patel wa Bharuch, aliyeshinda 1977, 1980 na 1984, halafu akaanguka 1989. Baada ya hapo hakuna. Patel mwenyewe hakufifia, aliendelea kupitia baraza la juu la bunge na akawa mshauri mkubwa wa Sonia Gandhi wa Congress mpaka alipofariki 2020, ila kura ya moja kwa moja ya wananchi ndio hivyo.

2024 ikawa na jambo jingine. Vyama vya upinzani viliungana, Congress wakawaachia AAP, chama cha Arvind Kejriwal, viti viwili vya Gujarat, na kimoja ni hicho hicho Bharuch. Watoto wa Ahmed Patel walikitaka, hawakupewa, na Congress wakaingia kwenye uchaguzi bila mgombea Muislamu hata mmoja jimbo zima. AAP wakamweka Chaitar Vasava, kijana wa jamii za wenyeji wa milimani, anapambana na mkongwe wa BJP Mansukh Vasava. Jina la ukoo moja, kabila moja. Mkongwe akashinda.

Sababu nitakayokupa ni yangu. Vyama vinahesabu kwamba ukimsimamisha Muislamu, mpinzani anapata pa kushikia, anaigeuza kampeni iwe ya dini, na baada ya yale machafuko ya Wahindu na Waislamu ya 2002 hiyo silaha Gujarat inafanya kazi haraka. Kwa hiyo hata wanaosema wanawatetea wanawaficha. Kura zao zinaombwa, sura zao hazitakiwi kwenye bango.

Mimi niko Muscat, naendesha gari la kampuni, mwenzangu ni Mhindi wa Jamnagar. Mwezi wa tano 2024 alijinunulia tiketi akasema anaenda kupiga kura. Nilimwona chizi. Hawana kura ubalozini? Na Wahindi wetu wa Mombasa nao wanapiga? (Mtoto wa Likoni)

Hawana. Raia wa India anayeishi nje anaruhusiwa kujiandikisha, sheria hiyo ilipita 2010, lakini kura lazima aende kuipiga mwenyewe, kwenye kituo cha nyumbani kwao kilichoandikwa kwenye pasipoti, akiwa na pasipoti yake mkononi. Hakuna ubalozi, hakuna posta, hakuna mtandao. Kwa hiyo mwenzako si chizi, tuseme tu ana mapenzi makubwa na nchi yake, au mama yake alikuwa anamdai kumuona. Ukweli ni kwamba wengi wa ughaibuni hata kujiandikisha hawajiandikishi.

Majirani wa Mombasa ni ishu tofauti kabisa. India hairuhusu uraia wa nchi mbili. Mkenya mwenye asili ya Kutch ni Mkenya, na tangu 2017 serikali yenu imewatambua kama kabila la 44, kura yake iko Mvita au Nyali huko huko. Wapo wenye ile kadi ya asili ya India inayowarahisishia visa na mambo ya mali, lakini kura haimo. Anaweza kuwa na binamu zake kumi Mandvi, akaangalia matokeo kwenye TV usiku kucha akapiga na kelele, kama mimi ninavyopigia kelele timu za Uingereza.

Mzee, mimi ni mwongoza watalii. Wageni wangu wawili Wahindi waliniambia kwao pia kuna simba na kuna kituo cha kura cha mtu mmoja katikati ya simba. Hiyo nayo ya kweli au walikuwa wanashindana na Serengeti? (Arusha)

Ya kweli kabisa. Simba wa Asia wamebaki porini sehemu moja tu duniani, msitu wa Gir na maeneo yanayouzunguka, Gujarat. Na ndani ya huo msitu kuna mahali panaitwa Banej, pana hekalu, na hekalu lina mtunzaji mmoja ambaye ndiye mkazi pekee aliyeandikishwa pale. Tume ya Uchaguzi ya India wana kanuni kwamba mpiga kura asitembee zaidi ya kilomita mbili kufika kituoni, basi kila uchaguzi timu inafunga safari na mashine, polisi, karatasi, wino, wanaingia msituni, wanafungua kituo, mtu mmoja anakuja anabonyeza, asilimia 100 ya waliojiandikisha wamepiga. Mtunzaji wa kwanza aliyejulikana kwa hilo alifariki 2019, na aliyemrithi ndiye aliyepiga 2024.

Na sio hapo tu. Kuna kisiwa mdomoni mwa mto Narmada, wilaya ya Bharuch, kinaitwa Aliabet, wanakaa wafugaji, shule wala ofisi ya serikali ya kuweka kituo hakuna. Zamani walikuwa wanasafiri zaidi ya kilomita 80 kwenda kupiga kura. Miaka ya karibuni Tume wakawapelekea kontena, lile lile la bandarini, wakalifanya kituo. Wapiga kura mia mbili na kitu. Wanaosema uchaguzi Afrika ni gharama kwa sababu ya barabara mbovu waende wakaangalie.

Nilisikia kuna watu weusi Gujarat wanaocheza ngoma kama zetu. Wana kura na wao? (Lindi)

Hao ni Masidi. Asili yao ni upande wetu huu wa Afrika, walivushwa bahari kwa karne nyingi, wengine utumwani, wengine askari na mabaharia, na wengi wakahudumia tawala za huko kama ya nawabu wa Junagadh. Kijiji chao kinachojulikana zaidi ni Jambur, jirani na huo huo msitu wa Gir, na kura zao zinaingia kiti cha Junagadh pamoja na ya yule wa hekaluni. Wanaongea Kigujarati, ni Waislamu wengi wao, na ni raia kama raia wengine, kura wanayo tangu zamani. Kwenye uchaguzi wa bunge la jimbo wa 2022 waliwekewa kituo chao maalum pale Jambur, wakaanza kucheza na kusherehekea kabla hata ya siku yenyewe. Mama mmoja wa kijiji hicho, Hirabai Lobi, alipewa nishani ya Padma Shri 2023 kwa kazi yake ya kuwainua wanawake wa jamii yake.

Ila mbunge Msidi wa Lok Sabha hakuna. Masidi wa sehemu ile wamo kwenye orodha ya makabila yanayolindwa na katiba, lakini kiti cha Junagadh si cha kutengwa. Nifafanue hapa maana mnachanganya na viti maalum vya kwetu. Gujarat kati ya 26 viti vinne vimetengwa kwa makabila ya wenyeji, Dahod, Chhota Udaipur, Bardoli na Valsad, na viwili kwa wale wa tabaka waliloliita lisiloguswa, Kachchh na Ahmedabad Magharibi. Anayetakiwa kutoka kundi hilo ni mgombea. Wapiga kura ni wote wa eneo lile, na mbunge anachaguliwa kwa kura kama wengine, hateuliwi na chama. Kwa hiyo Kachchh, ndiyo Kutch ile ile, nchi ya mababu wa nusu ya maduka ya Mombasa, tajiri wa kule hawezi kugombea kama hatoki kwenye tabaka hilo. Vinod Chavda wa BJP amekishinda mara tatu, 2014, 2019 na 2024.

Modi ni Mgujarati, mbona anagombea Varanasi? (Tabora)

Kwa sababu India mgombea wa Lok Sabha anaweza kugombea karibu kiti chochote kisichotengwa, ilimradi ameandikishwa mpiga kura popote nchini. 2014 aligombea viwili kwa mpigo, Vadodara ya Gujarat na Varanasi iliyoko Uttar Pradesh, akashinda vyote, Vadodara kwa zaidi ya laki tano na nusu, akakiachia akabaki na Varanasi. Uttar Pradesh ina viti 80, ukitaka nchi lazima ukae pale. Kura yake lakini anapigia nyumbani, eneo la Ranip, Ahmedabad, yaani 2024 mwanaume alikuwa kwenye karatasi ya Varanasi na kidole chake kikapakwa wino Gujarat.

Zile mashine zao haziibiwi kura? (Wengi mmeuliza hili, sitaji mji)

Mashine haijaunganishwa na mtandao. Unabonyeza kitufe pembeni ya alama ya chama, pembeni yake kuna kisanduku chenye kioo, kinatoa kikaratasi kinachoonyesha umempa nani, unakiona sekunde saba kisha kinadondoka ndani. Siku ya kuhesabu wanachukua mashine tano tano kwa bahati nasibu kutoka kila eneo la bunge la jimbo wanalinganisha vikaratasi na mashine. Wapo waliotaka vikaratasi vyote vihesabiwe, wakaenda mpaka Mahakama ya Juu, ikawakatalia Aprili 2024. Malalamiko hayajaisha na hayataisha, anayeshindwa lazima aishuku mashine. Ila ukirudi Surat utaona hapakuhitajika hata kugusa mashine.

Umetaja akina dada wawili wa Banaskantha. Kwa jumla wabunge wanawake Gujarat ni wangapi? (Mama wa VICOBA, Morogoro)

Wanne. Poonam Maadam wa Jamnagar, Nimuben Bambhaniya wa Bhavnagar, Shobhanaben Baraiya wa Sabarkantha, hao BJP, na Geniben wa Congress. 2019 walikuwa sita, kwa hiyo wamepungua. Mmoja wa wale sita, Ranjanben Bhatt wa Vadodara, chama kilikuwa kimeshampitisha tena 2024, watu wa chama chake mwenyewe wakapiga kelele, mabango usiku usiku, mwisho akasema sigombei na nafasi akapewa mwanaume kijana. Shobhanaben naye aliingia kwa mlango huo huo, yule aliyepitishwa kwanza Sabarkantha alijitoa.

Bunge lao lilipitisha sheria Septemba 2023 ya kutenga theluthi moja ya viti kwa wanawake, lakini ilivyoandikwa inasubiri kwanza sensa, halafu mipaka ya viti ichorwe upya. 2024 haikugusa kitu. Kwa viti 26 theluthi ni kama 8 au 9 hivi, piga mwenyewe hesabu wanaume wangapi pale wanaombea hiyo sensa ichelewe.